Mshono Mwekundu wa Dale Hautala

Dale Hautala alikuwa mwanamume wa tatu katika ukoo wake kuishi kwa sindano, na hakuna aliyethubutu kumcheka kwa hilo. Babu yake alishona hatamu za farasi waliokokota magogo msituni. Baba yake alishona mikanda ya mitambo kwenye mgodi wa chuma, mpaka mgodi ulipofungwa. Dale mwenyewe alishona viti vya magari ya theluji, maturubai ya mashua na chochote kingine ambacho watu wa kaskazini mwa Michigan walikichana majira ya baridi na kukikumbuka majira ya joto. Ukisema kitu kimeshonwa na Hautala, mtu hakuuliza swali la pili.

Hakuwa msemaji. Mkewe Marlys, aliyefundisha kemia katika shule ya sekondari kwa miaka thelathini na mmoja, ndiye aliyeongea kwa niaba ya nyumba. Dale alikuwa na sauna yake ya Jumamosi, kahawa yake nyeusi na upinde wake. Kila Oktoba aliingia msituni kuwawinda kulungu kwa mshale, kama walivyofanya wanaume wengi wa mji ule, na kama wao alijua kwamba kulungu haangalii juu.

Magoti yake yalipoanza kulalamika, aliacha kubeba mgongoni jukwaa la chuma la kukalia juu ya mti, akageukia tandiko. Anayewinda kwa tandiko hakalii kitu. Huvaa kitambaa kigumu kiunoni, hukifunga kwa kamba kwenye shina, akaning'inia humo kama mtoto mbelekoni. Shida ni kufika huko juu. Wengi hupanda kwa kipandio kimoja kifupi cha alumini: hukifunga kwenye mti, hukipanda, huning'inia, hukifungua na kukifunga tena juu zaidi. Na ili kila hatua iwe ndefu, chini ya kipandio huning'iniza ngazi ya utepe yenye vitanzi vitatu vya kutia mguu.

Zile za dukani Dale hakuzipenda. Vitanzi vyake vilijikunja, na mtu alibaki akipapasa kwa buti kama kipofu anayetafuta kizingiti. Akajitengenezea yake. Alikata utepe wa nailoni, akauingizia ukanda wa mpira ndani ya kila kitanzi ili kikae wazi, kisha akashona kila kiungo mistari saba. Mstari wa mwisho ulikuwa wa uzi mwekundu. Hiyo ndiyo ilikuwa sahihi yake.

Jirani aliiona, akaomba moja. Jirani wa jirani naye akaomba. Katika miaka minne Dale alishona ngazi ishirini na tatu na hakuuza hata moja. Aliyeng'ang'ania kulipa aliambiwa alete samaki wa kukausha kwa moshi, na kila aliyepewa aliambiwa maneno yaleyale: "Itabeba uzito wako mara tatu. Miaka mitano ikiisha, irudishe niikate."

Wiki ya pili ya Oktoba, Curt Beaudry alianguka. Alikuwa ameachia kamba ya kiunoni ili apite tawi, futi kumi na mbili kutoka chini, akakanyaga kitanzi cha kati, na utepe ukakatika. Alivunjika mguu mahali pawili. Alitambaa mpaka barabarani.

Kabla mguu haujafungwa plasta, habari ilikuwa imefika kituo cha mafuta, mahali ambapo wanaume hunywa kahawa asubuhi na kusahihisha mambo ya dunia. Dale alipoingia Jumatatu, mazungumzo yalikatika kama redio iliyochomolewa. Gordy Nault, fundi wa mabomba ambaye hakuwahi kukutana na kimya akakiacha salama, ndiye aliyeanza.

"Karibu, mzee. Tulikuwa tunazungumzia mvuto wa dunia."

"Na mmeonaje?"

"Bado unafanya kazi. Muulize Curt."

Walicheka, lakini si wote. Mmoja aliangalia vidole vya Dale vilivyoshika kikombe, kama anayetafuta mtetemo.

"Mzee wangu, usinichukie," Gordy akasema, sasa kwa upole uliouma zaidi ya mzaha. "Macho yanachoka. Mama yangu naye alishona hadi siku aliyoshona mfuko wa suruali ukafunga kabisa. Hakuna aibu."

Dale alilipia kahawa yake, akatoka. Alikuwa bado hajauona utepe. Nyumbani alivaa miwani yake, akaangalia mshono alioumaliza juzi, akauangalia tena chini ya taa.

"Wamesema nini?" Marlys akauliza.

"Wamesema nazeeka."

"Hilo nami nalijua. Wamesema nini kuhusu kazi yako?"

Alipomwambia, Marlys aliweka chini kalamu. "Lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja," alisema. "Ukinyamaza, litakuja. Nenda kwa Curt kaombe huo utepe uuone kwa macho yako."

Curt alikuwa amelala sebuleni, mguu juu ya mito. Hakufurahi kumwona Dale, wala hakumfukuza.

"Mimi nimesema tu utepe ulikatika, Bwana Dale. Si ulikatika?"

"Ulikatika. Nionyeshe."

Utepe ulikuwa gereji, juu ya sanduku kubwa la plastiki lenye mfuniko. Dale aliushika, na vidole vikamwambia kabla ya macho. Mishono saba ilikuwa imara, na mstari mwekundu ulikuwa kamili. Kilichokatika ni nailoni yenyewe, upana wa kidole kando ya mshono, na nyuzi zake zilikuwa zimesimama kama nywele zilizoungua. Alikunja kitanzi, na mpira wa ndani ukapasuka kama udongo wa bwawa lililokauka. Akaupeleka puani. Haukuwa na harufu ya jasho, ya mti, wala ya kitu chochote.

Sanduku lilikuwa linavuma. Akafunua mfuniko; ndani mashine ndogo ilikuwa ikipuliza. Hewa iliyotoka ilinukia kama uwanja baada ya radi.

"Ile mashine ya kuua harufu unaitilia nini mle sandukuni?" akauliza aliporudi ndani.

"Kila kitu. Nguo, buti, tandiko. Kulungu hanipati harufu hata nikimkalia mgongoni."

"Na ngazi?"

"Ngazi ndiyo ya kwanza. Si ndiyo inayokanyagwa na buti? Imelala humo tangu Julai, mashine haizimwi."

Dale aliugeuza utepe mkononi. Curt alikuwa mtu wa kujihurumia lakini si mjinga. Aliona uso wa mzee, akaelewa.

"Imeula?"

"Imeula."

"Bwana Dale, nakuomba. Ukilisema hili kule kituoni, Gordy atanitafuna mpaka Pasaka. Nina mguu mmoja, nina mke anayeniuliza kila siku kwa nini niliachia kamba. Usiniongezee na hili."

"Sitalisema," Dale akasema, akatia utepe mfukoni.

Marlys aliuchunguza kwa lenzi, akatikisa kichwa. Hewa ile ni ozoni, alisema, na haichagui. Inakula harufu, inakula mpira, na ikipewa muda inakula nailoni. Aliposikia habari ya ahadi, hakupiga kelele. Alisema tu kwamba ahadi yake kwa Curt ni yake, lakini jina ni la watu wote waliozaliwa nalo, na waliokufa nalo. "Wamesema mbele ya watu. Jibu litoke mbele ya watu. Ngazi yako mwenyewe imetoka katika bunda lilelile la utepe. Chukua hiyo."

Tarehe kumi na tano Novemba msimu wa bunduki hufunguliwa, na alasiri yake mji mzima hukusanyika kwenye kiwanja cha zimamoto, kwenye boriti ya madume. Ni gogo refu lililolazwa juu ya nguzo mbili, na kila aliyeua dume huleta dume lake litundikwe pale, lipimwe, lisifiwe na kuonewa wivu. Theluji ilikuwa ya vifundoni. Akina mama wa kanisa waliuza pasti za moto, mikate iliyojazwa nyama na viazi na kufungwa kwa karatasi. Gordy alikuwa kwenye winchi, kama kila mwaka, akitangaza uzito wa kila mnyama na dosari za kila mwindaji. Curt alikuwepo pia, amesimama kwa magongo karibu na mke wake.

Dale alimsogelea Gordy na ngazi yake ya miaka minne, imefifia kwa mvua.

"Lipi zito kuliko yote?"

"Lile. Kilo mia na nne bila matumbo. Kwa nini, unataka kulishonea suruali?"

"Litundike kwenye hii. Kitanzi cha kati."

Minong'ono ilikimbia kiwanja kizima. Gordy aliangalia mstari mwekundu, akaangalia watu, akafunga pembe za dume kwenye kitanzi na kuvuta winchi. Mnyama aliondoka chini, akazunguka polepole, akatulia. Utepe ulikazika na kunyamaza.

"Litikise," Dale akasema.

Gordy alilitikisa. Akalining'inia yeye mwenyewe, miguu juu, na mtu akapiga kelele kwamba sasa boriti imepata dume la kilo mia mbili na kumi. Hakuna uzi uliolia.

Gordy alishuka akavua kofia. "Mzee, nilibwabwaja. Ninyi nyote mmesikia? Nilibwabwaja." Kisha akamgeukia Curt. "Ndugu yangu, na wewe ulikanyaga nini huko juu, hewa?" Watu wakacheka. Curt aliinamia magongo yake.

Marlys alikuwa amekwisha kuvaa glovu. "Imetosha," alimwambia mumewe kwa sauti ya chini. "Umeshinda. Twende nyumbani."

Na wangekwenda, kama Gordy angejua kunyamaza. "Kesho alfajiri napanda na yangu bila hata kufikiri," akatangaza. "Tena yangu ni safi kuliko zenu zote. Tangu Agosti ninailaza kwenye mashine ya harufu. Inanukia kama malaika!"

"Hata mimi!" mtu akaitikia kutoka upande wa pasti. Na mwingine akainua mkono.

Dale alisimama. Alikuwa amekuja kuwaonyesha kwamba kazi yake inaaminika, na sasa walikuwa wanaiamini, watatu kati yao, juu ya kitu kilichokwisha kuoza.

"Gordy. Unayo hapa?"

"Iko garini."

"Ilete."

Marlys alimshika mkono. Alielewa kabla ya mtu mwingine yeyote. "Waambie tu," akanong'ona. "Waambie kwa mdomo, mimi nitawaeleza. Usiitundike. Wataona kazi yako inaanguka."

"Ukimwambia Gordy kwa mdomo, atacheka, kesho atapanda."

Marlys aliuachia mkono wake, kwa sababu naye alimjua Gordy.

Ngazi ililetwa. Ilikuwa nyeusi, safi, mstari mwekundu ukiwaka kama mpya. Dume lilelile lilihamishwa. Gordy alivuta winchi kwa madaha. Mnyama alipanda futi moja, mbili, tatu. Kisha ikasikika sauti ndogo, kama mtu anayechana barua, na kilo mia na nne zikaanguka kwenye theluji zikiwa zimebakiwa na kitanzi kwenye pembe. Pembe moja ilivunjika.

Hakuna aliyecheka. Kila mtu aliuona uzi mwekundu wa Hautala ukining'inia kwenye boriti bila kitu chini yake.

"Mashine ndiyo imeila," Dale akasema. Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa hadharani, na ilikuwa fupi. "Niliwaambia habari za uzito. Habari za harufu sikuwaambia, nilipozishona sikujua. Kila mwenye ngazi yangu airudishe, ya mashine na isiyo ya mashine. Asipande mtu."

Gordy alikuwa bado ameshika mpini wa winchi. Aliangalia futi tatu za hewa kati ya pembe na boriti, na pengine kichwani mwake aliziongezea nyingine kumi na saba, kufikia kimo anachopanda mtini. "Kesho alfajiri," alisema, basi.

Curt hakutajwa. Lakini kabla watu hawajatawanyika alikuja akichechemea mpaka pale kwenye boriti. "Yangu ilikaa humo tangu Julai," alisema kwa sauti iliyosikika, "na mzee alijua, akanifichia." Gordy alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu ya mji ule, akaufunga.

Ngazi ishirini na moja zilirudi katika wiki mbili. Pamoja na mbili zilizokatika, hesabu ilitimia. Dale alizikata zote vipande, pamoja na yake iliyobeba dume na Gordy, ingawa haikuwa na kosa. Majira ya baridi alishona nyingine kwa wale waliotaka. Hawakutaka wote. Kuna watu katika mji ule ambao walikuwa kiwanjani siku ile na walichobeba nyumbani ni kwamba utepe wa Hautala ulikatika mbele ya macho yao, na hilo huwaambia wageni mpaka leo. Kwa waliotaka, kila ngazi ilitoka na kitambaa kidogo chenye onyo kuhusu mashine, kwa mwandiko wa Marlys, ulionyooka kama wa ubaoni.

Dale alifariki miaka mitatu baadaye, kitandani kwake, baada ya sauna. Utepe wa Gordy alikuwa ameutundika mwenyewe kwenye msumari kando ya mlango wa karakana, mahali ambapo kila mteja lazima auone. Marlys alikuwa ametaka uchomwe moto. Hata alipobaki peke yake hakuuchoma. Umebaki pale, na hufutwa vumbi pamoja na mengine. Ukiugeuza kwenye mwanga utaona palipokatika: upana wa kidole, kando ya mshono. Mshono wenyewe haujafumuka.