Difu Aliyoleta Kakangu

Kakangu simpendi, na sioni haja ya kulizungushia maneno. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, kwa maana kesho watapatana na wewe uliyeingilia utaumbuka. Kwa sisi wawili mtu angelima, akavuna, akala, akalima tena.

Baba alipofariki mimi nilikuwa kazini Mbweni, naendesha wageni wa hoteli, na kazini kwetu simu huzimwa ukiwa na mgeni garini. Nilipoiwasha, baba alikuwa keshaoshwa. Siku ya khitma, ua umejaa watu, kakangu aliwaambia majirani, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, kwamba marehemu alikata roho akiuliza mwanawe mdogo yuko wapi, na mwanawe mdogo alikuwa anabeba mabegi ya Wazungu. Watu wote wakanigeukia. Tangu siku hiyo sikumsemesha, na yeye kwa kiburi chake akaona ndiyo salama yake.

Tunakaa nyumba moja Jang'ombe. Yeye na mkewe wana vyumba vya mbele, mimi nina chumba cha uani, na mama alikuwa katikati yetu. Mama alikuwa amekaa eda, miezi minne na siku kumi hatoki nje wala haonani na mwanamume asiyekuwa maharimu yake. Basi tukamfanya yeye ndiye wa kupokea na kupeleka. Mimi nasema, "Mama, mwambie mwanao asifunge geti, nnatoka." Yeye anajibu kutoka mbele, "Mama, mwambie mwanao geti lina mwenyewe." Mama, nyuma ya pazia la chumba chake, anarudia neno kwa neno kama hatujasikia. Tuliona ni jambo la kawaida kabisa.

Mama mwenyewe alikuwa na haja moja tu. Alitaka akitoka edani apelekwe kwao Matemwe, kwenye nyumba ya wazee wake, na alisema wazi kwamba akienda harudi. Lakini nyumba ile iko mbali na lami, na njia yake ni mchanga mzito uliolalia mawe ya matumbawe. Gari aliyoiacha baba ilikuwa inavuta kwa magurudumu ya mbele tu, na kila ilipojaribu njia ile ilizama. Baba alikuwa akiisimamisha lami inapokwisha, mama anashuka, anajitwika mzigo wake na kwenda kwa miguu. Sasa magoti hayamchukui tena.

Kakangu akaona hapo ndipo pa kumkatisha tamaa. Alimwambia asahau Matemwe, hakuna gari ya nyumba hii itakayomfikisha, na hakuna mtu wa kumbeba mgongoni. Alijifanya anamwonea huruma. Ukweli ni kwamba mkewe alikuwa ameshazoea kuamka akakuta chai imepikwa na tangawizi imetiwa. Na mimi nikamwambia mama, kwa sauti ya kufika mpaka vyumba vya mbele, kwamba gari itamfikisha mlangoni kwao, na itafika inavuta magurudumu yote manne.

Sikusema kwa hasira tupu. Gari kama ile zinatoka Japani kwa namna mbili, za kuvuta mbele na za kuvuta zote, na bodi yake ni moja. Ukilala chini ya ile yetu unaona matundu ya bolti sehemu ya nyuma, yametobolewa kiwandani na kuachwa wazi. Hotelini kwetu palikuwa na ya kuvuta zote iliyogongwa kwa nyuma na kutelekezwa chini ya mwarobaini, majani yameota mpaka milangoni. Niliomba, nikapewa ruhusa ya kuifungua. Nikatoa giaboksi yake, ambayo ina mkia wa kupelekea nguvu nyuma. Nikatoa propela, lile bomba refu linalozunguka chini ya gari, na ekseli ya nyuma, na tangi la mafuta lililokatwa umbo la kuipisha propela. Kilichokosekana ni difu, bonge la chuma lililoko katikati ya magurudumu ya nyuma, linalopokea nguvu ya propela na kuyagawia yote mawili. Ya gari ile ilikuwa imepasuka.

Gereji sikutaka kuisikia. Gari ikilala gereji hutoka na betri ya mgonjwa mwengine. Mama naye alisema gari ni mali ya marehemu, haijagawiwa, na haitoki getini mpaka yeye atoke edani. Sawa, lakini nani ataingia kuitengeneza? Jiko liko uani, choo kiko uani, na mama hana budi kupita hapo. Fundi aliyekuwa akimtengenezea baba, mzee wa Kitumbatu asiye na subira hata chembe, hakuweza kutia mguu ndani. Akaleta kigoda chake, akakaa uchochoroni nyuma ya ua wa bati, akawa ananifundisha kwa mdomo.

"Shikamoo fundi," nasema kutoka chini ya gari.

"Marahaba. Bolti ya chini umeilegeza?"

"Naam."

"Muongo. Ningeisikia."

Giaboksi haibebwi na mtu mmoja. Mama akamwita kakangu, akamwamrisha aje uani, gari ni ya baba yetu sote. Akaja na shati la ofisini lililopigwa pasi, akachuchumaa mbali kidogo ili asichafuke. Nikaomba spana. "Mama, mwambie mwanao anipe kumi na saba." Pazia likasema kumi na saba. Akanipa kumi na nne. Nikairudisha kwa kuitupa, ikapita karibu na goti lake. Ndivyo tulivyofanya kazi. Mama akajua majina ya spana zote na tofauti ya bolti na nati, mwanamke ambaye maisha yake yote hakuwahi hata kufungua boneti.

Siku ya kupandisha giaboksi, jeki ilikaa upande. Mimi nilikuwa chali chini yake, yeye kashika mti wa kuinulia. Nikaona chuma kinanijia kifuani polepole. Kakangu alikuwa anakitazama vilevile ninavyokitazama mimi. Angeweza kuita jina langu. Alisema, "Mama, mwambie mwanao aondoke chini."

Nilijinasua mwenyewe kabla pazia halijasema kitu. Chuma kikaanguka, kikachimba shimo kwenye sakafu ya ua. Fundi huko nje akauliza kimeanguka nini.  Mpaka alasiri nilimsikia mama akitembeza tasbihi yake, anafika mwisho, anaanza upya. Mimi ghadhabu ya siku ile ninayo mpaka leo.

Ilibaki difu. Fundi alinionya kwa mkazo kwamba difu ya nyuma lazima meno yake yalingane na hesabu ya giaboksi, la sivyo mbele kutataka mwendo mmoja na nyuma mwendo mwengine. Mimi nilikuwa na wageni siku zile, sikupata nafasi. Mama akamtuma kakangu Mwanakwerekwe kwa wauza spea. Nilirudi kutoka kazini nikaikuta difu uani, ndani ya gunia, safi, imepakwa rangi nyeusi. Yeye alikuwa chumbani kwake na mlango umefungwa.

Fundi akaniuliza kupitia bati kama muuzaji amethibitisha meno. Nikamjibu naam. Kuuliza kulikuwa ni kumuuliza kakangu, na hilo nisingelifanya kwa difu wala kwa roho yangu. Nikaifunga. Nikainua gari juu ya mawe, nikawasha, nikatia gia. Magurudumu yote manne yakazunguka. Fundi alisikia mlio, akasema alhamdulillahi, akachukua kigoda chake akaenda zake. Nami nilimwambia mama, kwa sauti ileile ya kufika vyumba vya mbele, kwamba apange vitu vyake.

Mama alipotoka edani pakasomwa dua, wakaja wanawake wa mtaani, na asubuhi iliyofuata tukapakia godoro, masufuria, mbuzi ya kukunia nazi na msahafu wake. Kakangu akapanda kiti cha mbele bila ya kualikwa. Alikuja kuona gari inashindwa, hilo nililijua kwa jinsi alivyofunga mkanda.

Mpaka Mahonda ilikuwa nzuri. Baada ya hapo ikaanza kunguruma, mngurumo wa chini unaopanda miguuni, na kila kona usukani ukawa mzito kama mtu ameushika upande wa pili. Fundi alikuwa ameshanieleza habari ya magari ya namna hiyo. Kwenye mchanga magurudumu huteleza kidogo na yakasameheana, lakini lami haina msamaha, kila mzunguko ya mbele na ya nyuma yanavutana, na nguvu hiyo huishia kwenye chuma. Nilijua. Tulipofika Kinyasini harufu ya mafuta yaliyoungua ilikuwa imejaa garini. Kakangu akafungua dirisha lake, akatazama minazi. Mimi sikupunguza mwendo. Ningepunguza angefurahi.

Pale lami inapokwisha Matemwe, mlio mmoja mkubwa ukatoka chini ya miguu yetu, na gari ikasimama. Ilisimama palepale ilipokuwa ikisimama enzi za baba. Magurudumu ya mbele hayakugusa mchanga.

Kakangu alikuwa wa kwanza. Bila ya kugeuza shingo alisema, "Mama, mwambie mwanao mimi nilisema tangu siku ile. Muuza spea alisema meno ya difu hii ni ya gari ya injini ndogo, iangaliwe kabla ya kufungwa."

"Mama, mwambie mwanao mimi sikuambiwa na mtu."

Kisha sote tukageuka kumtazama mama kwenye kiti cha nyuma, amekaa na msahafu mapajani, masufuria kwa upande wake.

"Kanambia," alisema mama. "Na mimi sikukwambia. Ilikuwa siku ya pili yake, baada ya chuma kutaka kukuangukia. Mmoja yuko chini ya chuma, mwenzake anatafuta wa kumtuma. Nikasema basi, mimi nshachoka kubeba maneno yenu. Lao la leo wambizane wenyewe."

 Kakangu alianza kusema "Mama, mwambie," akasita, akafunga mdomo. Mimi nikafungua mlango, nikashuka.

Pembezoni palikuwa na mtu na gari ya ng'ombe, amepeleka mwani, anarudi mtupu. Mama akamwita, akajitaja ni binti wa nyumba gani, na yule mtu akashuka haraka kumwamkia. Waliweka godoro kwanza, mama akakaa juu yake, halafu masufuria. Sisi wawili tuliipakia mbuzi ya nazi, kila mmoja ameshika upande wake, kwa sababu hakuna aliyetaka kumwachia mwenzake. Ng'ombe aliingia ule mchanga kama anakwenda malishoni.

Kabla hajaondoka mama alikuwa ametuita karibu. Hakuwa na hasira, na hilo liliniumiza zaidi.

"Mkija kunitazama mje pamoja, na mje mnasemezana," alisema. "Kama hamna la kuambizana, msinipigie hodi. Sina nafasi ya watu wawili mabubu."

Gari ilivutwa mpaka mjini. Fundi sasa aliweza kuingia uani, akalala chini yake mwenyewe, akanitukana mimi, akamtukana muuza spea, akamtukana na Mjapani. Difu ya sawasawa ilipatikana, na kilichovunjika kwenye giaboksi kikabadilishwa. Imepona. Nimeipandisha kwenye mchanga wa pwani Mbweni maji yalipotoka, nikaisimamisha katikati ya ulaini wote, nikaondoka tena bila ya gurudumu moja kuteleza. Kazi ile ni yangu na ni nzuri, na anayebisha aje alale chini aitazame.

Matemwe sijaenda. Kakangu pia hajaenda, maana mkewe husema kwa makusudi nisikie kwamba mwenye makosa ndiye wa kuanza. Mimi nasema mkubwa ndiye wa kuanza, na aliyesema mbele ya watu ndiye wa kuanza. Tunapishana mlangoni kila asubuhi, yeye anavuta shati lake lisiniguse, mimi natazama juu. Hakuna tena wa kupeleka neno, kwa hiyo neno halipelekwi. Hata geti tunafungiana.

Mama hupiga simu siku za Ijumaa. Mara ya mwisho aliniuliza kama nimesema na kakangu. Nikamwambia gari imekuwa nzima, inavuta yote manne, njia ile naimaliza bila ya kushuka, akitaka nitakuja hata kesho. Nikasikia kuku wa uani kwao. Kisha akasema hajaniuliza habari za gari, akakata. Kesho yake nilikwenda kazini kama kawaida.