Siku nilipopandisha barafu milimani Upareni ili dada awaeleze watu habari za ncha ya dunia

Wakuu, heshima zenu nyote, wakubwa shikamooni.

Leo sina siasa wala mpira. Nina kisa changu mwenyewe, na umri huu sina tena sababu ya kuongopa.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Waliokuwepo wanakumbuka. Tumetoka kwenye foleni za sukari na sabuni, ghafla ruksa! Mitumba tele, soda zimerudi, kila mtu mfanyabiashara.

Mimi nilikuwa kijana pale Same mjini. Nilijipatia friji la mtumba linalonguruma kuliko lori, nikawa nagandisha maji na kuwauzia abiria wa mabasi pale barabara kuu. Jua la Same mnalijua. Biashara ilikwenda, na mji mzima wakaniita Barafu.

Dada yangu Nakundwa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko kwetu milimani, juu ya kijiji cha Mwembe. Shule ile, wakuu, ilikuwa masikitiko. Nyasi za paa zimeoza, mvua ikianza darasa zima linahamia kona moja.

Akaja bwana mmoja wa mbao na msumeno wa injini. Alitaka msitu wa ukoo, ule ulioko juu ya chanzo cha maji. Akiruhusiwa kuukata, ataezeka shule yote kwa mabati.

Kijiji kikachangamka kama kuna harusi. Aliyepinga alikuwa mtu mmoja tu, dada, mwalimu wa shule hiyohiyo! Watu wakasema kasoma mpaka kapitiliza.

Ngoja niwaeleze wasio wa Upareni. Kwetu kuna ndiva, bwawa la udongo na mawe. Linakusanya maji ya chemchemi usiku kucha, asubuhi linafunguliwa, yanateremka kwa mifereji, kila shamba kwa zamu. Shamba la mama lilikuwa linaishi kwa ndiva hiyo. Chemchemi ikikauka, hakuna ndiva, hakuna mahindi, na mama hana pa kwenda.

Ndiva hufukuliwa tope kwa msaragambo. Baragumu linapigwa jioni, kesho kila nyumba inatoa mtu na jembe. Usipotokea, faini. Na kwetu mtoza faini alikuwa Mzee Eliamani, na huyo hakuwa na masihara. Alishamtoza faini mkwewe mwenyewe, kesi ikafika mpaka kwa wazee, akashinda. Sisi Wapare na kesi tena! Na Mzee Eliamani ndiye aliyekuwa mstari wa mbele kuyataka mabati.

Basi dada akashuka Same kunitafuta. Alikuwa amesikia redioni wataalamu wakieleza kwamba dunia inapata joto kwa moshi wa viwanda na kukata misitu, na barafu kubwa zilizoko kwenye ncha za dunia zinayeyuka. Alitaka kuwaeleza watu siku ya msaragambo, kabla mkutano wa kijiji haujaamua.

"Mdogo wangu," akaniambia, "nitawaelezaje habari za barafu watu ambao hawajawahi kuigusa? Niletee kubwa, waione kwa macho yao."

Nikamcheka. Barafu kutoka Same mpaka kule juu? Lakini dada ndiye aliyenilea, ningemkatalia nini?

Nikagandisha ndoo nzima. Nikaifunga kwa maranda ya mbao na magunia mawili, alfajiri nikapanda Landrova ya abiria. Kufika mwisho wa barabara nikajitwisha kichwani. Maji yananichuruzika shingoni, nguo chapachapa, jua ndiyo kwanza linapanda. Nikawa naomba Mungu njia nzima kama nimebeba mgonjwa.

Nilipofika ndivani watu walikuwa wamemaliza kufukua tope, wamekaa ukutani na majembe yao. Nikafungua magunia. Ilikuwa imepungua, ila bado ilijaa mikono miwili.

Wakuu, watu wote wakainuka ukutani wakasogea.

Mimi barafu nilishaizoea, kwangu ni biashara tu. Lakini pale juani, juu ya tope jeusi, ilikuwa inang'aa mpaka nikajiuliza kama kweli ni mimi niliyeitengeneza. Bibi mmoja akaigusa, akarudisha mkono haraka. "Yesu wangu! Inaunguza!" Wengine wakapanga mstari, mmoja mmoja, wanagusa wanajishika mashavu. Mama yangu aliweka viganja vyote viwili juu yake akafumba macho, hakutaka kuondoka.

Dada hakuwaharakisha. Alichukua karai, akaweka jiwe kubwa katikati, akajaza maji mpaka karibu na ukingo. Ukingoni akapanga punje za maharage. "Hawa ni watu wa pwani. Tanga, Pangani, Dar. Haya maji ni bahari. Jiwe ni nchi ya ncha ya dunia." Barafu akaiweka juu ya jiwe.

Tukakaa kuitazama. Watu wazima, na majembe yao, wanatazama karai! Jua likafanya kazi yake. Maji yakapanda taratibu, yakafika ukingoni, maharage ya kwanza yakachukuliwa.

Hapo mambo yakaharibika. Watu wakapiga vigelegele!

Jamani, mnategemea nini? Hao ni watu wanaogombania maji kwa zamu tangu wazaliwe. Mmoja akasimama, "Sasa mwalimu, kama maji yanaongezeka, ubaya uko wapi? Mwaka huu si tutavuna?" Mwingine akataka kujua mfereji wa kuyaleta Same uchimbiwe wapi. Nikamwangalia dada, uso umemshuka. Nikajua tumekwisha, chemchemi ya mama imekwenda na mabati.

Dada akachota maji ya karai, akatia chumvi konzi nzima, akampa yule wa mfereji anywe. Jamaa akatema. "Bahari ndivyo ilivyo," dada akasema. "Huwezi kuimwagilia mahindi."

Kisha akaonyesha ukuta waliokalia. "Tukiubomoa huu ukuta sasa hivi, leo tutakuwa na maji mengi?"

"Mengi sana."

"Na kesho?"

 Dada akasema barafu ya kule kwenye ncha ya dunia ilikusanywa taratibu, miaka isiyohesabika, na inaachiwa kwa mara moja. Na msitu ule wa juu ni hivyohivyo, unakusanya ukungu na mvua na kuitoa kidogokidogo. 

Kipande cha mwisho kilichobaki juu ya jiwe, Mzee Eliamani alikuwa amekiokota. Alikishika mpaka kikaisha, akabaki anaangalia kiganja kilicholowa. Akasimama.

"Mwalimu, nimekuelewa. Hiyo nayo ni ndiva, ya watu wote duniani. Sasa nijibu. Baragumu lake anapiga nani? Na wasiotokea, faini yao anatoza nani?"

Dada akainama, akaanza kuokota maharage.  Yule mzee hakuwa anatania hata kidogo, alitaka jina la mtu.

Mkutano ukaamua msitu usikatwe, bwana wa mbao akaondoka na msumeno wake. Wiki iliyofuata Mzee Eliamani mwenyewe aliitisha msaragambo wa kukata nyasi, shule ikaezekwa upya. Mabati yalikuja miaka mingi baadaye.

Mwaka jana nilipanda kule. Mama na Mzee Eliamani walishatangulia mbele za haki, lakini ndiva ina maji.

Nilichojifunza ni kwamba mtu haogopi kupotelewa na kitu ambacho hajawahi kukigusa. Mpe kwanza akiguse.

Asubuhi ikiwa safi, hapa Same nikiangalia upande wa Moshi naiona theluji ya Kilimanjaro, na naiona inavyopungua. Dada sasa ni mstaafu. Kila redio ikisema wakubwa wa dunia wamekutana kujadili tabianchi, ananipigia simu: "Mdogo wangu, baragumu limepigwa?"

Namwambia limepigwa, dada, wenye majembe ndio hawajatokea.

Kisha ananiuliza tena swali la Mzee Eliamani. Faini anatoza nani?

Wakuu, mwenye jibu aliweke hapa chini nimsomee dada. Ana miaka mingi analisubiri.