Mbegu Tulizozipima

Mwalimu wetu wa chuo kikuu alikuwa Mzungu mwembamba, mpole, aliyechoka kufundisha umaskini kutoka vitabuni. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, na sisi wanafunzi tuliotoka kusini mwa Tanganyika tulikuwa wa kuhesabika. Siku moja alifunga kitabu katikati ya somo, akauliza, "Nani kati yenu anajua nyumbani kwao walikula nini jana?"

Mimi nilikuwa sijafika nyumbani kwa mwaka na nusu.

"Basi likizo hii twende tukaulize," alisema.

Ndivyo nilivyompeleka kijijini kwetu Nkowe, kwa mdogo wake marehemu mama yangu, yule aliyenilea tangu nilipoachwa yatima. Alikuwa mjane, anaishi peke yake. Tulifika mwanzoni mwa Desemba. Mashamba yalikuwa yamesafishwa na kuchomwa moto, watu wanatazama mawingu. Mwalimu alichagua nyumba tano, na ya mama mdogo ilikuwa mojawapo. Kila asubuhi, kwa siku saba, tulipita nyumba kwa nyumba na mizani ya kuning'iniza. Mwenye nyumba alileta unga na mboga atakayopika siku ile, mwalimu akapima, mimi nikaandika. Maswali yake niliyageuza kwa Kimwera, majibu nikayarudisha kwa Kiingereza.

Kwa mama mdogo tuliandika vizuri. Unga wa mtama wa kupika mara mbili kwa siku, kunde bakuli zima, na siku ya nne jogoo. Nilikuwa na furaha ambayo mpaka leo naionea haya. Nilijua, kama anavyojua kila mtoto wa kule, kwamba Desemba ni mwezi wa kula mara moja, tena muhogo. Lakini kalamu ilikuwa mkononi mwangu, na nilipenda jinsi nyumba yetu ilivyoonekana kwenye daftari. Ule ugali ulikuwa na ladha ya moshi. Niliuonja siku ya kwanza, nikadhani kuni zilikuwa mbichi, nikaendelea kula.

Siku ya nane mwalimu alitangulia Nachingwea kusubiri safari ya kurudi. Mimi nilipanga kubaki nyumbani siku mbili. Kesho yake, kabla jua halijawa kali, mvua ya kwanza ikanyesha, mvua nzito ya kupandia. Kijiji kizima kilitoka na majembe. Niliwasikia wanawake wakiitana njiani. Mama mdogo alikuwa amekaa kizingitini, anachambua majani makavu ya kunde.

"Mama, wenzio wanakwenda shamba."

"Nawaona."

"Na wewe hupandi?"

Hakuinua macho. "Nipande nini, mwanangu? Si mmezipima?"

Sikumwelewa. Nikaingia jikoni. Kwa siku zote zile nilikuwa nikikaa nje, barazani, kama mgeni. Juu ya mafiga, pale masuke ya mtama wa mbegu yanapofungwa ili moshi uyakinge na wadudu, zilibaki kamba tupu, nyeusi kwa masizi. Kibuyu cha mbegu za kunde kilikuwa kimelazwa, mdomo wazi. Nilitia mkono ndani yake kama mwendawazimu, nikatoa vumbi.

Nilitoka nikasimama mbele yake, kibuyu mkononi. Nikasema, "Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Yule mgeni wako anauliza, wewe unaandika. Ulitaka uandike kwa mkono wako kwamba aliyekulea hana chakula? Mbele ya mwalimu wako?"

"Lakini alikuja kutafuta ukweli, mama. Alitaka kujua kama kuna njaa."

"Ungeniambia hivyo. Wewe uliniambia amekuja kuangalia tunavyoishi. Mtu akija kukuangalia, unajianika?"

Ni kweli. Nilitafsiri hivyo. Neno la mwalimu, njaa, lilikuwa zito, nami nikalilainisha kwa sababu nilimwonea aibu mama mdogo, na yeye alikuwa akinionea aibu mimi.

Niliazima baiskeli kwa jirani, nikaondoka saa ile ile. Kupita Ruangwa mpaka Nachingwea, kwa njia ya matope, ilikuwa safari ya kutwa. Mahali pengine niliibeba begani. Nilimkuta mwalimu jioni kwenye veranda ya nyumba ya Mzungu mmoja wa mashamba makubwa ya karanga. Trekta zilikuwa zimepangwa uani, nyingine zimeanza kuota kutu. Mwalimu alikuwa akiandika maneno ya kuwaambia wenyeji wake kesho yake: kwamba wakulima wa huku, kwa jumla, wanapata chakula cha kutosha.

Nilimweleza nikiwa nimesimama, nguo zinadondosha tope.

"Haiwezekani," alisema. "Nilipima mwenyewe."

"Ulipima mbegu, mwalimu."

Uso ulimbadilika, ukawa kama wa mtu aliyepokea taarifa ya msiba. Aliketi kwenye ngazi, akashika kichwa. Kisha akauliza swali ambalo mimi, katika mwendo wote ule, sikulifikiria: "Na zile nyumba nne nyingine?"

Tulirudi pamoja. Tulikwenda jikoni, kwa ruhusa ya wenyewe. Nyumba mbili zilikuwa kama ya mama mdogo. Ya tatu walikopa unga kwa ndugu zao wa Chinongwe. Moja tu ndiyo ilikuwa imekula chakula chake. Watu wale walitukarimu kwa shamba la mwaka mzima, na tuliwashukuru kwa kuwapa mikono.

Kabla ya kuondoka Nachingwea mwalimu alikuwa ameomba magunia mawili ya mtama kutoka ghala la mashamba yale, akapewa. Tuliyaleta kwa lori mpaka Ruangwa, kisha kwa baiskeli. Mama mdogo alizishika zile punje, akazinusa, akasema si za kwetu, lakini akapanda. Ulikuwa mtama mfupi, ukawahi kukomaa kuliko wa wengine, na ndege wa kijiji kizima wakaushukia. Alivuna kidogo mno. Mwaka ule alikwenda porini kuchimba ming'oko, mizizi ya mwituni inayoliwa wakati wa njaa, yeye na umri wake.

Muhula ulipoanza, mwalimu alisimama darasani akasoma hesabu zetu zote, vipimo vya siku saba. Wanafunzi waliandika. Kisha akawaambia kile chakula kilikuwa nini. Kalamu zilisimama. Mwenzangu mmoja, mtoto wa chifu, alinigeukia mdomo wazi. Mwalimu hakutaja nyumba wala mtu. Alisema kosa lilikuwa lake. Baadaye nilisikia kwamba wakubwa wa chuo walimkemea, eti msomi hajivui nguo mbele ya wanafunzi. Lakini hakurudi nyuma. Tangu hapo, aliyetaka kwenda kijijini chini yake alitakiwa kwanza alime msimu mmoja na watu wa pale, bila daftari.

Likizo iliyofuata nilimsimulia mama mdogo. Niliogopa, maana sikuwa nimemwomba ruhusa habari yake isemwe.

"Walicheka?" aliuliza.

"Hapana, mama. Waliacha kuandika."

"Mwambie akitaka kuja tena, aje mwezi wa saba, tukishavuna. Mtu haji kwa watu Desemba."

Niliupeleka ujumbe. Mwalimu aliuandika, akaniomba niurudie polepole kwa Kimwera, naye akajaribu kuutamka, vibaya sana. Hakuja. Kabla ya mwezi wa saba aliugua, akarudishwa kwao, na somo lake likapewa mtu mwingine, aliyetufundisha umaskini kutoka vitabuni.