Wasifu wa Kuku Kishungi

Watu walimwita Tumempoteza, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Miaka yote ya ujana wake kazi yake ilikuwa kusoma wasifu wa marehemu misibani, na kila wasifu aliuanza kwa neno hilo hilo: "Tumempoteza." Alikuwa na sauti ya kutoka tumboni, ya kumliza hata mtu aliyekuja msibani kufuata chakula. Marehemu akiwa mlevi, yeye alisema alipenda watu. Akiwa mkorofi, alisema hakuwa mnafiki. Mwiko wake ulikuwa mmoja tu: marehemu hasemwi vibaya, kwa sababu asiyekuwepo na lake halipo.

Ubaya wa kazi hiyo, jamani, ni kwamba inakuganda. Akipita mtaani watu waliulizana nani kafa. Akienda kumjulia hali mgonjwa, mgonjwa alizidiwa. Harusini ndiyo usiseme. Shemeji yake mwenyewe alimwekea kiti nje ya uzio. Mkewe akachoka. Akamwambia atafute kazi ya watu wenye furaha, na safari hii akiipoteza, asirudi nyumbani kuomba uji.

Ndipo akaangukia kwenye mgahawa mmoja wa shambani. We, uliona wapi? Watu wenye makochi kwao wanaendesha magari hadi nje ya mji ili wakalie magogo. Kuta hazikupigwa lipu, makusudi. Vikombe vya udongo vimepinda, makusudi, na vilivyonyooka vilirudishwa kwa mfinyanzi akavirekebishe. Mboga zinapitishwa mezani na udongo wake, ili mgeni aamini hazikutiwa dawa wala mbolea ya dukani. Mwenye mgahawa alikuwa mama mkali aliyeshinda na gambuti hata siku ya jua kali, na sheria yake ilikuwa hii: chakula hakiguswi mpaka mgeni asimuliwe kimetoka wapi na kililelewaje. Alihitaji msimulizi. Alipoisikia sauti ya Tumempoteza akamwajiri pale pale.

Lakini mazoea yana taabu. Siku ya kwanza lililetwa boga la kuchoma. Tumempoteza akafumbata mikono, akainamisha kichwa, akaeleza jinsi boga lile lilivyozaliwa kwenye ardhi kavu, likajitahidi, likalala upande mmoja bila kulalamika, na sasa limeacha wadogo zake shambani bado wachanga. Bwana mmoja akavua kofia. Boga likarudi jikoni zima, na wageni wakaacha rambirambi chini ya sahani. Siku ya pili ilikuwa kabichi, na ile kabichi, nakuambia, ilibebwa na wanaume wanne ikazikwa nyuma ya bustani. Wiki ilipokaribia kwisha mama mwenye mgahawa alikuwa amevimba kwa hasira. Akamwambia Jumamosi anakuja mkurugenzi wa kampuni moja ya mjini na wenzake kuonja. Wakipenda, ofisi nzima itakuwa inakula hapa. Wasipokula, yeye unga wake umemwagika.

Kuku wa Jumamosi alikuwa Kishungi. Tumempoteza akaenda bandani kuulizia habari zake kwa Bibi Banda, mlishaji wa kuku, ambaye alizungumza na kuku kuliko na watu. Bibi akasema Kishungi alikuwa mpole. Aliatamia hata mayai ya wenzake, na mvua ikinyesha alifunika vifaranga wasio wake. Alisema hayo akitazama pembeni, akafuta pua kwa kiganja. Tumempoteza akapiga hesabu. Ukweli huo akiutoa kwa sauti yake, hata mpishi atafunga siku hiyo.

Wageni wakaketi kwenye magogo yao. Kishungi akaletwa juu ya ubao, amebanikwa, ananukia mpaka kwenye maegesho ya magari. Mkurugenzi, bwana mwenye kitambi cha heshima, akaweka uma chini asikilize. Tumempoteza akafumba macho, akamwona mkewe amesimama mlangoni na sufuria tupu. Akayafumbua.

"Tumempoteza," alisema, "na afadhali."

Wageni wakainua vichwa. Akawaambia kuku huyu alikuwa mwizi. Alidonoa wadogo, akala mayai ya wenzake, na mvua ikinyesha aliziba mlango wa banda wengine walowe. Alilishwa nafaka safi tangu utotoni, wala hakuwahi kushukuru. Kadiri alivyosema ndivyo meza ilivyochemka. Mkurugenzi akasema watu wa aina hii anawajua, akang'oa paja. Mhasibu wake akadai hata sura ilionyesha, ingawa kichwa hakikuwepo. Walimla kwa uchungu, walimla kama watu wanaotenda haki, na walipomaliza mkurugenzi akapangusa mdomo akauliza kama hakuna mwingine mwenye makosa makubwa zaidi. Mama mwenye mgahawa akamwambia Tumempoteza kazi ni yake mpaka azeeke, na Jumatatu waanze na bata.

Alitaka kufurahi, maskini. Lakini alipotoka kwa mlango wa jikoni alimkuta Bibi Banda amesimama dirishani na ndoo ya makombo. Alikuwa amesikia yote. Hakumgombeza.

"Alikula mayai ya wenzake?" aliuliza polepole. "Basi mimi sikuwahi kumwona."

Aliyemlea kuku yule tangu kifaranga sasa alikuwa anayashuku macho yake mwenyewe. Hilo lilimchoma Tumempoteza kuliko matusi. Akarudi mezani, akakusanya mifupa yote, akaipeleka nyuma ya banda. Kuku wengine wakasogea, labda kwa tamaa, lakini walisogea. Akafumbata mikono.

"Ndugu mwombolezaji," akaanza, maana alikuwa mmoja tu.

Bibi Banda akaweka ndoo chini, akasimama wima.

"Tumempoteza," msomaji wasifu akaendelea. Na yule aliyeliza misiba yote ya mji akaishiwa sauti kabla hajafika kwenye habari ya vifaranga.