Saksafoni Kwenye Visima vya Merti

Niliondoka Nakuru kwa sababu nilikuwa nimechoka kupiga saksafoni kwenye harusi za watu wanaoongea na simu. Badala ya kukiri kwamba nimechoka, nikasema natafuta roho ya sauti. Maneno hayo niliyaokota kwenye warsha moja ambapo watu wazima tulilala chali kwenye mikeka tukigongewa mabakuli ya shaba karibu na masikio. Mwalimu wetu, mwenye shuka jeupe na saa ya bei ghali, alituambia tutafute mahali ambapo sauti bado ni takatifu. Wario, mpiga ngoma wa bendi yetu, alicheka, akasema kwao Merti watu huimba visimani na dada yake angenipokea. Nikaapa mbele yake kwamba nikirudi bila sababu ya kupiga, saksafoni sitaigusa tena. Niliapa kwa dhati, na niliogopa, maana kazi nyingine siijui.

Isiolo nilifika saa nne asubuhi, nikapata pikapu iliyobeba sukari na unga kwenda Merti. Kwenye kizuizi nje ya mji, askari alitaka kujua sanduku langu lina nini. Nilipomwonyesha, aliomba wimbo. Nilifumba macho nikapuliza chochote kilichonijia, nikipanda na kushuka bila kujua naelekea wapi, kama tulivyofundishwa. Nilipofumbua, askari alikuwa ameegemea pikapu.

"Sasa hii wimbo," akauliza kwa upole, "itaanza saa ngapi?"

Abiria wenzangu walicheka njia nzima. Mimi nilijiambia kwamba bado hawajaamka kiroho.

Merti tuliingia jioni, nikiwa mweupe kwa vumbi. Mama Guyo, dada yake Wario, ni mjane mwenye ng'ombe wachache na maneno machache zaidi. Alinikaribisha kwa salaam aleikum na chai ya maziwa ya ngamia.

"Umekuja kununua mbuzi?"

"Hapana, mama. Natafuta sababu ya muziki."

"Hiyo sababu ilipotea huku?"

"Nimeambiwa iko huku."

"Sisi tunatafuta mvua. Ukipata yako, angalia na yetu."

Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari, nikidhani ni hekima. Zilikuwa habari tu.

Asubuhi tulishuka mtoni. Ewaso Nyiro ilikuwa imekauka, na watu walikuwa wamechimba visima kwenye mchanga. Jarso, mwanamume mkavu mwenye fulana ya mpira, ndiye aliyechaguliwa kusimamia zamu, na zamu hapo haina mjomba. Ng'ombe wa Mama Guyo walikuwa hawajanywa tangu juzi. Mmoja, wa kijivu, aliyeitwa Daalacha, alikuwa amezaa karibuni na miguu ilimtetemeka. Mama Guyo aliniambia waziwazi kwamba asipokunywa siku hiyo, kesho hatasimama.

Zamu ya Mama Guyo ilipofika, wanaume watatu waliingia kisimani, mmoja juu ya mwingine, wakaanza kurushiana ndoo huku wakiimba. Wa chini anaita, wa juu anajibu, maji yanamwagika kwenye hori la udongo. Ng'ombe waliposikia ule wimbo wakaja wenyewe. Mwili ulinisisimka, machozi yakanilenga. Nikasema moyoni: hii ndiyo. Mtu mwenye akili angeketi asikilize. Mimi nilifungua sanduku nikaujibu.

Ng'ombe walitimka. Mmoja alipitia katikati ya hori likavunjika, maji yakazama mchangani, na kundi zima likapotelea vichakani. Jarso hakupandisha hata sauti.

"Zamu imeisha. Mwingine alete mifugo."

Mama Guyo alinigeukia.

"Ulisema unatafuta sababu ya muziki kwa hiyo chuma. Sasa umeitafuta na maji yangu."

Sijawahi kuona aibu kama ile. Nilitamani kurudi kwenye mikeka.

Saa tisa alasiri, ng'ombe wakiwa wamerudishwa na watu wote wamemaliza, Jarso alimpa Mama Guyo zamu ya mwisho. Mimi nilikuwa nimeshinda nikikanda udongo, nikitengeneza hori chini ya macho ya watoto wa mji mzima. Lakini mmoja wa wanaume watatu alikuwa ameondoka na mifugo yake.

"Wewe ingia," Jarso akaniambia.

Niliingia katikati. Ndoo ya kwanza ilinipiga kifuani, ya pili ikanimwagikia usoni.

"Imba!" aliye chini akapaza sauti. "Mikono haioni!"

Nikaimba, na kwa mazoea nikaivuta sauti ndefu yenye madoido. Ndoo ya tatu ikanigonga kidevu.

"Fupi! Ndoo haingoji!"

Nikafupisha. Nikaimba jina la ng'ombe, Daalacha, njoo. Daalacha, mtoto ana njaa. Daalacha, nisamehe, neno jipya kila ndoo kwa sababu ndoo iliyotangulia ilikuwa imeshapita. Mikono ikaanza kuelewana. Kule juu sikuona kitu ila anga na kwato. Kisha nikasikia ng'ombe akivuta maji, na Mama Guyo akisema polepole, "Alhamdulillahi, ndiye huyo." Nililia, nikaendelea kuimba. Hakuna aliyepiga makofi.

Kesho yake Daalacha alisimama mwenyewe. Mama Guyo alinisindikiza hadi kwenye lori la kurudi Isiolo.

"Ukirudi, hiyo chuma acha nyumbani. Kuja na mikono."

Nakuru, nilimsimulia Wario yote. Nilimwambia nilichojifunza: nilikuwa nimeitafuta roho kwenye pumzi yangu mwenyewe, nikijisikiliza, wakati kila sauti niliyoisikia kule ilikuwa inampelekea mtu kitu. Nilitegemea acheke. Badala yake akauliza:

"Dada amekuambia urudi?"

"Ndiyo."

"Mimi alinifukuza pale kisimani," akasema. "Alisema sijui kushika mapigo."

Akaketi nyuma ya ngoma zake, akanitazama. Nikafungua sanduku, nikapiga fupi, nikamwachia nafasi ajibu.