Mabegi Yalifika Kabla Yetu

Kuna watu upande wa Mahagi ambao mpaka leo wakiniona wananiuliza kwanza pikipiki iko wapi, ndipo wananisalimia, na mimi nacheka pamoja nao kwa sababu sina njia nyingine. Aibu ile niliitengeneza mwenyewe kwa akili yangu yote, kisha nikamvalisha na mtoto ambaye hakuwa na kosa lolote.

Mtoto mwenyewe ni Plamedi, wangu wa mwisho (nilimpata nywele zikiwa zimeshaanza kunikimbia), na sasa ana miaka kumi na sita. Plamedi ni mtu wa kuanza mambo. Alianza kushona, gauni likabaki bila mikono. Alianza gita, alianza kwaya, alianza kufuga sungura, na sungura tukawala. Basi siku moja kwenye ndoa, mjomba wake Ukumu, kaka wa mke wangu, mtu wa maneno mengi na tumbo la kutosha, akamwita mbele ya ukoo mzima: "Nusu, kuja unisalimie." Watu wakacheka, jina likabaki. Tuliporudi nyumbani kwetu Bigo, mjini Bunia, Plamedi akaniambia, "Papa, mimi nitatembea kwa mguu mpaka kwa koko. Yote. Mujomba ataona."

Koko ni mama mkwe wangu, na kwake ni upande wa Mahagi, juu ya kilima, mbali kiasi kwamba hata gari likitoka Bunia asubuhi linafika limechoka. Mke wangu alisema, "Atarudi kutoka Iga Barrière." Nikasema nitamsindikiza, kwa sababu msichana hatembei barabara ile peke yake.

Hatukuitembea mara moja. Kila likizo tulitembea kipande, na pale likizo ilipotuishia tulirudi na gari, halafu likizo nyingine gari linatushusha palepale, na mkiambiwa palepale msifikiri ni maneno tu, maana siku moja dereva alipitiliza daraja kidogo na Plamedi alinirudisha kwa mguu mpaka darajani, tukageuka, ndipo tukaanza. Iga Barrière tukaipita, Fataki tukaipita, Nioka na baridi yake tukaipita. Kuna likizo tulikaa nyumbani kwa sababu barabara haikuwa ya kutembelea. Na sheria ya Plamedi ilikuwa moja: kilichotoka Bunia kwa mguu kitafika kwa mguu, pamoja na mabegi.

Ilibaki siku moja tu. Tulilala Ngote kwa katekista mmoja mkarimu, na begi langu lilikuwa na suti, viatu vya ngozi, sukari, sabuni, chumvi na kitenge cha mama mkwe (Plamedi aliponiona ninavipanga Bunia aliuliza, "Papa, weye unahama?"). Mabega yalikuwa yanawaka. Asubuhi mtoto alikuwa ameenda kuteka maji, na hapo akapita motari mmoja kijana, akasimamisha pikipiki yake (kwetu tunaiita moto), akanitazama kwa huruma.

"Muzee, hiyo begi itakuvunja. Mimi naenda hukohuko. Leta."

Nikampa, nikamtajia nyumba ya mama mkwe. Na ili nisionekane mimi peke yangu nimeshindwa, nikampa na la Plamedi.

Plamedi akarudi na maji. "Begi ziko wapi?"

"Zimetangulia."

"Zimetangulia na nini?"

Nikamwambia nimemhurumia yeye. Alikaa juu ya jiwe, akasema polepole, "Papa, umepandisha begi kwa moto. Ni kama umetupandisha siye." Akasimama, akatembea mbele yangu asubuhi nzima bila kugeuka, na mimi nyuma, mwepesi mgongoni na mzito kila mahali pengine.

Mchana mvua ikapiga. Matope yakatufika magotini, kweli matope mazuri, na laiti ningeyaacha. Lakini chini ya kilima cha wakwe kuna kijito, na mimi nilipokiona nikakumbuka kwamba kwetu mkwe hajitokezi mbele ya mama mkwe wake ovyoovyo, hata karibu yake hasogei, sembuse kuja kama mtu aliyetolewa kwenye shimo la dhahabu la Mongbwalu. Nikanawa. Nikamwamuru na Plamedi anawe.

"Papa, acha matope. Watu wayaone."

"Nawa."

Akanawa.

Tukapanda kilima tukiwa wasafi. Uwanja umejaa watu waliojua tunafika siku ile, ngoma iko tayari, na katikati, juu ya kiti cha wageni, mabegi yetu mawili yamekaa, makavu, kama wachumba. Wimbo ulianza halafu ukafa katikati. Ukumu alitazama mabegi, akatazama miguu yetu, akatazama tena mabegi, akafungua mikono.

"Shemeji, karibu sana. Sasa moto imewashusha wapi? Hapa kwa kona ya miti, ama mbele kidogo?"

Uwanja mzima ukalala kwa kicheko. Nikasema hapana, ni mabegi tu yamepanda. Wakazidi. Nikaapa. Wakazidi tena, mama mmoja akashika nguzo asianguke. Nikavua kiatu niwaonyeshe malengelenge, lakini mguu uliotoka majini ulikuwa laini, safi, mguu wa askofu. Na yule motari, ambaye walikuwa wamempa ugali na bado alikuwa anakula pale pembeni, akainuka kuniokoa.

"Jamani, muzee alitembea. Alitembea sana. Mimi nilimuona na macho yangu."

Halafu akanikonyeza. Wazi kabisa, mbele ya ukoo wote wa mke wangu. Maskini, alidhani ninadanganya na akaamua kunisaidia kudanganya.

"Nusu," Ukumu akasema, anafuta machozi, "hata baba yako anamaliza nusu."

Nilimtazama Plamedi, na hapo ndipo nilipoelewa nimemfanyia nini. Barabara yote ile, likizo baada ya likizo, na mtu wa kumharibia alikuwa mimi. Lakini hakulia. Alienda pale kwenye kiti, akaweka mkono juu ya begi lake.

"Mujomba, kesho iko na kazi gani?"

"Kwa nini?"

"Kesho narudi Ngote na hizi begi. Naanza pale moto ilizibeba. Kuja uone."

"Utachoka mbele ya kona."

"Basi utanicheka kutoka karibu."

Safari hii watu walimcheka Ukumu, na mtu akichekwa hivyo kwake hawezi kukataa. Asubuhi pikipiki zikatupeleka Ngote, mimi, Plamedi, Ukumu na binamu wawili wa kushuhudia. Plamedi akavaa begi lake. Mimi nikavaa langu, na sukari ndani, na sabuni ndani, maana nilipotaka kupunguza kidogo aliniambia, "Vile ilitoka Bunia."

Ukumu alitangulia na buti zake nyeupe za mvua, akisimulia. Kadiri tulivyotembea hadithi zake zikawa fupi, halafu zikawa maneno mojamoja, halafu akakaa kwenye majani. Plamedi akamngoja, akampa maji. Pikipiki ikapita, na Ukumu akaitazama kama mtu anayemtazama ndugu yake.

"Panda, mujomba," Plamedi akamwambia. "Hakuna mutu atakupa jina."

Akapanda. Sisi tukaendelea. Mvua ikarudi, nikateleza, nikaingia kwenye mtaro mgongo chini, begi likinishikilia kama kobe, na binamu wakageuka wakijifanya wanaangalia ng'ombe. Plamedi akanivuta kwa kamba ya begi. "Simama, Papa. Begi yako sitabeba." Nikasimama.

Ngoma tulizisikia tukiwa bado chini ya kilima. Ukumu alikuwa mbele ya wote, buti ameshika mkononi, miguu imevimba, anatangaza kwa sauti iliyokwisha: "Ametembea. Ni mimi nasema. Miguu yangu hii ndiyo mushahidi." Wanawake wakamnyakua Plamedi na begi lake na matope yake, wakamwinua mabegani, wakazunguka naye uwanja mzima, naye akacheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia nyumbani. Toka siku ile anaitwa kwa jina lake.

Mimi nilikuwa nimeshageuka kwenda kijitoni. Sauti ya mama mkwe ikatoka mlangoni mwa jikoni, yeye mwenyewe amenipa mgongo kama inavyotakiwa.

"Mumwambie mukwe asioge. Aingie vile iko."

Nikaingia vile nilivyokuwa, nikakaa kwenye kiti cha wageni na kukichafua, wakanipa chai.

Nimewaza sana baadaye. Nilimwambia mtoto kwamba nilitoa mabegi kwa kumhurumia, na alijua si kweli, na hakunisema mbele ya watu hata walipokuwa wananicheka. Kwa hiyo nimeapa: nikitembea naye tena, nikichoka nitasema nimechoka, kwa sauti, akiwa anasikia. Nimejaribu kusema hivyo hapa nyumbani, mara moja, tukitoka sokoni. Begi lile lenye sukari lilikuwa jepesi kuliko neno hilo.