Kisanduku Kilichopinga Ndoa

Baba mdogo Ambokile aliwatangazia watu kwamba mimi na stashahada yangu ya Dar hatutaweza kutengeneza hata pasi, na aibu ninayowasimulia hapa nusura impe ushindi, ingawa kisanduku changu (naomba hili lieleweke) kilifanya kazi kupita nilivyokusudia.

Ilikuwa enzi za ruksa, milango imefunguliwa kwa bidhaa za nje, vyombo vya umeme vinaingia Tukuyu kila wiki na umeme wetu unaviunguza kila wiki, amplifaya ya kanisa ikiwemo, basi nikaunda kisanduku cha kulinganisha volti zinazoingia na kiwango nilichokipanga, zikipungua tu kinakata umeme na kupiga honi. Honi niliiazima kwa Asajile, dereva wa lori la ndizi, betri yake kwa shangazi, na transfoma niliichomoa kwenye redio ya baba mdogo mwenyewe. Mafundi wa mjini walinishauri niweke volti mia na themanini. Nikaweka mia mbili na ishirini, kama chuoni, nikakifunga kwenye waya mkuu wa kanisa asubuhi ya ndoa ya mdogo wangu Tito bila kukijaribu (msomi anajaribu nini?).

Mchungaji akauliza, “Kama yupo mwenye sababu ya kuzuia ndoa hii, aseme sasa.”

Papo hapo akina mama jikoni wakachomeka birika la chai, volti zikashuka, honi ya lori ikalia ndani ya kanisa. Umeme ukakatika, birika likapumzika, volti zikapanda, kisanduku kikarudisha umeme, birika likavuta tena, honi ikalia tena, na tena, mpaka bibi harusi akaanza kulia na wazazi wake wakashika mikoba yao.

Nikikaa, ndoa inavunjika. Nikasimama. Mjomba wa bibi harusi akanizuia katikati ya mabenchi.

“Wewe ndiye unayepinga?”

“Hapana mzee, ni volti.”

“Umeanza naye lini?”

“Nimekifunga asubuhi.”

Kanisa likaguna. Nikapita chini ya kwapa lake, nikang'oa waya, kukawa kimya, na Tito akasema kule mbele, “Kaka, si ungeniambia tu nyumbani.”

Walifungishwa ndoa bila kipaza sauti.

Jumatatu nikazunguka kurudisha vyote. Shangazi alipokea betri yake akicheka, baba mdogo, transfoma ikisharudi mahali pake, akaongeza sauti ya redio ili asinisikie nikiomba radhi, nami nikaapa kutofunga tena kifaa kabla sijauliza nani anachemsha chai. Asajile aliifuta honi kwa shati lake.

“Ndaga, asante sana, fundi,” akasema. “Mimi nikioa, nitaacha lori nyumbani.”